MKOJO WA DAMU SIO KICHOCHO TU: IJUE KANSA YA FIGO

Leo siasa naziweka pembeni. Nataka tuongelee kansa ya figo, maana imepita nyumbani kwetu na ilitupotezea miezi minane bure kwa kutokujua. Mimi sio daktari, nimeishia kidato cha nne, lakini haya nimeyauliza na kuyasoma vya kutosha.

ILIVYOANZA

Baba yangu mdogo ni mvuvi wa dagaa pale Kibirizi. Siku moja akakojoa damu, bila maumivu yoyote. Akaenda duka la dawa, akaambiwa, "Mzee, hicho kichocho, wewe si unashinda ziwani?" Akapewa prazikwanteli. Siku mbili tu mkojo ukawa safi, tukamshukuru Mungu. Baada ya miezi mitatu damu ikarudi, akameza tena, ikakata tena. Tukaenda hivyo hivyo mpaka ubavu wa kushoto ukaanza kuuma na suruali zikawa zinamvuka.

Kumbe damu ya kansa ya figo ina tabia ya kuja na kukata yenyewe! Sisi tukadhani vidonge ndio vimefanya kazi.

KICHOCHO AU FIGO?

Kichocho kipo cha aina mbili. Cha mkojo huleta damu kwenye mkojo. Cha tumbo huleta damu kwenye choo kikubwa, na hiki ndicho tunacho mwambao huu wa Tanganyika, hata nyani wa Gombe wameshakutwa nacho. Kwa hiyo mtu wa Ujiji au Katonga akikojoa damu, asikisie. Apime mkojo kwanza. Na mtu mzima, hasa aliyepita miaka 40, apigwe na altrasaundi hata kama damu imeshakata.

Dalili nyingine ni maumivu ya ubavuni yasiyoisha, uvimbe tumboni, kukonda, homa za mara kwa mara na upungufu wa damu. Wengine hawana dalili kabisa, uvimbe unaonekana kwa bahati wakipimwa kitu kingine. Vinavyoongeza hatari ni sigara, unene na presha.

VIPIMO

Anzia Maweni, hospitali yetu ya mkoa. Altrasaundi haiumi, ni jeli na kifaa cha kupitisha juu ya ngozi. Ikionyesha uvimbe, kinafuata kipimo cha siti skani, kinachoonyesha ukubwa wake na kama umesambaa. Mara nyingi hawakati kinyama kwanza, picha ikiwa wazi wanaenda moja kwa moja kwenye upasuaji. Rufaa za magonjwa haya huenda Bugando Mwanza, KCMC Moshi, au Muhimbili na Ocean Road kule Dar.

UPASUAJI

Hapa ndipo familia iligawanyika. Bibi alisema, "Mtu akitolewa figo ndio basi tena." Sio kweli. Mwezi wa 8 mwaka 1869 daktari Gustav Simon wa Heidelberg, Ujerumani, alimtoa mama mmoja figo moja na yule mama akapona. Hakuwa na kansa, ila ilithibitika kwamba figo moja inatosha kuishi. Ni mwaka uleule Livingstone alipofika Ujiji kwa mara ya kwanza, kwa hiyo sio jambo geni hata kidogo!

Uvimbe ukiwa mdogo, hasa chini ya sentimita 4, mara nyingi hukatwa kipande tu. Wa baba mdogo ulikuwa wa sentimita 9, figo nzima ikatoka. Kansa hii kwa watu wazima haisikii sana dawa za kemo za kawaida, ndiyo maana kisu kinatangulia. Ikiwahiwa kabla haijasambaa, kwa takwimu za Marekani, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5.

BAADA YA KISU

Baba mdogo alizinduka kwenye nusu kaputi akiwa na dripu, mpira wa mkojo na mrija ubavuni. Kesho yake manesi wakamsimamisha, maana kutembea kunazuia damu kuganda miguuni. Alilala wodini siku 7. Baada ya hapo:

- Wiki 6 asinyanyue kitu kizito. Kuvuta nyavu alirudia mwezi wa 4.
- Diklofenaki na ibuprofeni asiguse bila kumuuliza daktari, zinaweza kuumiza figo iliyobaki.
- Presha na sukari zipimwe, sigara aache, chumvi apunguze.
- Kliniki asikose. Wanapima damu kuangalia figo na wanapiga picha kuona kama kansa imerudi. Hii inaendelea kwa miaka.

Cha mwisho: watoto nao hupata kansa ya figo, ya aina nyingine, hasa chini ya miaka 5. Ukimuogesha mdogo wako ukakuta tumbo gumu upande mmoja, usilibonyeze-bonyeze, mpeleke hospitali. Hii ya watoto inasikia kemo na wengi hupona wakiwahi.

Baba mdogo yupo, juzi kaniletea migebuka. Lakini ile miezi minane bado inaniuma. Ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, kapime. Maoni na maswali tupieni hapo chini, nitawajibu ninachokijua.