Skrini Sita Mwaka 1987, Skrini Moja Mwaka 2020: Ilikuwaje?

Wadau, leo tuwaache mastaa wapumzike kidogo. Kuna jamaa mmoja, jina kapuni, ni mhariri wa video hapa mjini. Kajichanga miezi kadhaa, kanunua monita mbili kwa mpigo. Kafika geto, kachomeka ya kwanza, ikawaka safi. Kachomeka ya pili, kimya. Kabadili waya, kazima na kuwasha, wapi! Akajua kapigwa na muuzaji. Kumbe monita zote nzima, ila laptopu yake imetengenezwa kuendesha monita moja tu ya nje.

Cha ajabu, mambo ya skrini nyingi ni ya kitambo sana. Mwaka 1987 Apple walitoa Macintosh II, kompyuta ya mezani yenye nafasi sita ndani za kuchomeka kadi. Ukijaza kadi za picha unapata hadi skrini sita, na kishale cha mausi kinahama kutoka moja kwenda nyingine kama vile ni meza moja ndefu. Watu wa Windows walisubiri hadi Windows 98, nayo ikaja na uwezo wa skrini tisa!

Enzi hizo hesabu ilikuwa nyepesi: unataka skrini nyingine, ongeza kadi. Laptopu zikaharibu hesabu hiyo. Ndani hamna pa kuongeza kadi, unabaki na kilichofungwa kiwandani. Na anayeamua idadi ya skrini ni chipu inayochora picha. Yale matundu ya pembeni ni milango tu, na nyumba inaweza kuwa na milango minne halafu chumba kimoja.

Novemba 2020 ikaja MacBook Air ya M1. Spidi ya hatari, chaji inakaa, watu wakashangilia. Lakini monita ya nje ilikuwa moja tu, wakati Air ya Intel iliyotoka mwaka huohuo iliendesha mbili za 4K. Yaani mtoto kazaliwa na nguvu kuliko baba ila mikono pungufu! M2 ya 2022 nayo hivyohivyo. Air ya M3, Machi 2024, ikakubali mbili, ila ufunike laptopu yenyewe. Ni M4 ya 2025 ndiyo iliyoruhusu mbili huku laptopu ikiwa wazi.

Kuna njia ya panya inaitwa DisplayLink: adapta yenye chipu yake pamoja na programu unayoweka kwenye kompyuta. Picha inabanwa, inapita kwenye USB, inafunguliwa upande wa pili. Kwa kazi za ofisini iko poa, kwa gemu usijisumbue. Na muwe makini na zile adapta za USB-C zenye HDMI mbili zinazotumia MST. Kwenye Windows zinaweza kukupa skrini mbili tofauti, kwenye macOS zote mbili zinaonyesha picha ileile.

Jamaa yetu kaishia kununua DisplayLink. Monita ya pili anawekea mafaili na chati, maisha yanaenda, ila mfuko bado unauma. Kwa hiyo kabla hujalipia, ingia tovuti ya mtengenezaji, tafuta modeli yako kabisa, soma idadi ya monita za nje. Usihesabu matundu.

Wewe mezani una skrini ngapi? Na nani mwingine yalishamkuta? Tiririka kwenye komenti hapo chini.