Magofu Yasiyo na Mawe



Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Leo nataka tuzungumze habari za mji ambao wageni wanaupita kwa miguu, na sisi wenyewe tunaupita kwa basi, bila ya kujua kwamba tumeupita. Mji huo ni Vuga, huko Usambara, mkoani Tanga.

Nilikwenda huko kwa miguu, safari ya siku tatu, nikiongozwa na kijana mmoja mwenye kazi hiyo. Siku ya kwanza tulipanda kutoka Mombo hadi Soni. Siku ya pili tukashika njia ya Vuga, katikati ya migomba. Mimi ni mtu wa pwani, na nikisikia neno magofu akili yangu huenda Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, kwenye msikiti wa mawe na makaburi zaidi ya 40, mengine yenye nguzo. Basi tulipofika nikamwuliza kijana, "Magofu yako wapi?" Akanijibu, "Hapa hakuna kitu, mzee. Limebaki jina tu."

Mzee mmoja aliyekuwa akilima kando ya njia alitusikia. Akaegemea jembe lake, akasema, "Mjukuu wangu, umesimama juu ya mji wa wafalme, nawe unamwambia mgeni hakuna kitu?" Kisha akahesabu kwa vidole: Mbega, Buge, Shebuge, Kimweri.

Mbega alikuwa mwindaji wa nguruwe kutoka Nguu, aliyekimbia kwao kwa sababu alizaliwa kigego. Wasambaa aliwagawia nyama, akawaamulia kesi zao, nao wakamfanya mfalme. Mjukuu wake, Shebuge, ndiye baba wa Kimweri ye Nyumbai, ambaye enzi yake ilishuka hadi pwani. Madiwani wetu wa huku chini, kati ya Tanga na Pangani, walitafuta idhini yake. Kwa hiyo habari za Vuga si za Wasambaa peke yao.

Hata safari ya kupanda milima hii kwa siku nyingi nyuma ya kiongozi si jambo jipya. Februari 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walitoka Pangani, wakapitia ngome ya Sultani wa Unguja kule Tongwe, wakapanda hadi Vuga. Burton aliandika kwamba mji ulikuwa na nyumba kama 500 na watu kama 3,000, na kwamba mgeni haruhusiwi kulala ndani yake. Walimkuta Kimweri mzee na mgonjwa, akiwaomba dawa.

Kimweri alifariki mwaka 1862. Hazikupita siku nyingi, mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara, akapigana na Shekulavu, mjukuu wa marehemu aliyerithi kiti. Vuga ikachomwa moto. Wasambaa wakakamatana na kuuzana, na wengi wakateremshwa Pangani kama bidhaa. Mwaka 1895 Wajerumani wakamnyonga Mputa, mwana wa Semboja, na nguvu za kiti kile zikaisha.

Mji wa miti, udongo na nyasi ukiungua hauachi ukuta. Lakini tupime vizuri, ndugu zangu. Kule Tongoni mawe yamesimama karne nyingi, ila wengi waliolala chini yake hatuwajui hata majina. Kule Vuga mawe hakuna, lakini majina yapo, vizazi baada ya vizazi. Sehemu yake aliiandika Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, kwa Kiswahili chetu hiki. Sehemu nyingine imo vifuani mwa wazee kama yule wa jembe, na gofu la namna hiyo likianguka halifukuliwi tena kwa sepetu.

Siku ya tatu, njiani kwenda Bumbuli, kijana alikuwa kimya muda mrefu. Kisha nikamsikia mbele yangu akihesabu kwa sauti ndogo: Mbega, Buge... akakwama. Akageuka akaniuliza, "Mzee, wa tatu alikuwa nani?"

Nikamwambia. Nawe msikilizaji, jioni ya leo mwulize babu yako alipozaliwa palikuwa na mji gani. Usingoje mgeni aje kukuuliza wewe.