Pori la Kagera si jangwa

Wiki hii, ndugu msomaji, tutazame neno moja lililozoeleka mno midomoni mwetu: jangwa. Mtu akiondoka Rubwera, kwenye migomba na mibuni, akateremka magharibi kuelekea mto Kagera wakati wa kiangazi, hukutana na nyasi kavu, migunga na vumbi. Hapo hapo hutamka: "Huku ni jangwa tupu." Je, ni kweli?

Wataalamu wengi wa jiografia huita jangwa eneo ambalo mvua yake haifiki milimita 250 kwa mwaka. Chalbi, kaskazini mwa Kenya, ni jangwa hasa. Nusu jangwa hupata kati ya milimita 250 na 500. Lakini mvua peke yake haitoshi kuamua. Hupimwa pia kiasi cha maji ambacho jua na upepo vingeweza kukausha. Mvua ikiwa kati ya asilimia 20 na 50 ya kiasi hicho, eneo huhesabiwa kuwa nusu jangwa. Ndiyo maana Dodoma imo, ingawa mvua yake hupita milimita 500. Bonde la Kagera lina misimu miwili ya mvua, na hupata zaidi ya Dodoma.

Basi upweke wa pori lile ulitoka wapi? Ulitoka katika historia. Speke na Grant walipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, waliukuta ufalme wa wafugaji. Ng'ombe walikula nyasi, watu walichoma malisho, na vichaka havikupata nafasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ikafagia mifugo ya Afrika Mashariki, na Karagwe haikupona. Njaa na ndui vikafuata. Pasipo ng'ombe wala watu, vichaka vikaota. Vichaka vikaleta mbung'o. Mbung'o naye akawazuia ng'ombe wasirudi. Waliokuja baadaye wakadhani pori lile halijapata kukaliwa na mtu.

Mwaka 1994 mkoa wa Kagera ulipokea mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda. Miti ikakatwa kwa kuni na kwa kujengea vibanda. Neno jangwa likasikika tena. Mwaka huo huo mataifa yalipitisha mkataba wa kupambana na kuenea kwa jangwa. Mkataba huo hauzungumzii mchanga wa Sahara unaosogea, bali ardhi kavu inayochakaa kwa sababu ya hali ya hewa na mikono ya watu.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Jangwa la asili halina wa kulaumiwa, na hakuna anayetarajiwa kulitibu. Ardhi iliyochakaa ina historia, na ina watu wanaopaswa kuulizwa. Tukiita jangwa ardhi inayonyeshewa mvua mara mbili kwa mwaka, tunamsamehe mwenye shoka na kumkatisha tamaa mwenye miche. Tuipe ardhi yetu jina lake halali, kisha tuitunze.