Kamina ya Kongo, Zambia na Vifo Ambavyo Tiba Ingevizuia

Mwaka 1976 daktari Mmarekani David Rutstein na wenzake walipendekeza kwamba ubora wa huduma za afya upimwe kwa kuhesabu vifo ambavyo havikupaswa kutokea, yaani vile vitokanavyo na maradhi ambayo kinga au tiba yake inajulikana, kama vile surua, nimonia, au kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Kipimo hicho hudai kila kifo kiandikwe pamoja na sababu yake, jambo ambalo halijafanyika kikamilifu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (hapa Kongo) wala Zambia. Kwa hiyo anayetaka kuzilinganisha nchi hizi jirani hutegemea zaidi vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano na vya wajawazito, ambavyo vingi vyake vingeweza kuzuiwa.

Kamina, mji mkuu wa mkoa wa Haut-Lomami nchini Kongo, ina asili moja na miji ya shaba ya Zambia. Reli iliyopanda kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, iliingia Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikafika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 ikaendelezwa kupitia Kamina hadi Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo. Tawi la Kabalo lilipofunguliwa mwaka 1956, Kamina ikawa njia panda ya reli. Pande zote mbili za mpaka malaria ilikuwa ileile, na kampuni za migodi na reli ziliwajengea wafanyakazi na jamaa zao hospitali, kwani kibarua mgonjwa hachimbi shaba wala haisafirishi. Utaratibu huo uliokoa maisha ya wengi, lakini ulifunga haki ya kutibiwa kwenye ajira, si kwenye uraia, hivyo mvuvi wa ziwa Upemba hakuwa na sehemu ndani yake.

Kongo ilipata uhuru mwaka 1960 bila daktari mzalendo hata mmoja mwenye shahada kamili. Hata hivyo, katika miaka ya 1980 iligawanywa katika zoni za afya 306, kila moja ikikusudiwa kuwa na hospitali ya rufaa na vituo vidogo vinavyoizunguka, mpango uliosifiwa na uliostahili sifa hizo. Kilichoudhoofisha ni fedha: serikali ilipoacha kuuhudumia, gharama zilimwangukia mgonjwa mwenyewe, na Kamina iliumia mara mbili, kwa sababu SNCC, shirika la reli, nalo lilizorota hadi wafanyakazi wake wakakaa miezi mingi bila mishahara.

Zambia nayo iliporomoka pamoja na bei ya shaba, ikapigwa vikali na UKIMWI, na ikatoza ada katika zahanati zake. Tofauti ni kwamba mwezi Aprili 2006 iliziondoa ada hizo katika huduma za msingi vijijini. Tafiti za kaya za mwaka 2013 na 2014, zilizofanyika nchi zote mbili kwa wakati mmoja, zilikuta Zambia watoto 75 kati ya kila 1,000 wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano, na Kongo 104. Kwa wajawazito, vifo vilikuwa 398 kwa kila vizazi hai 100,000 Zambia na 846 Kongo. Kuondolewa kwa ada hakuelezi pengo lote, maana Kongo ilikuwa pia imepitia vita viwili, lakini pengo la wajawazito ni pana mno kuhesabiwa kuwa bahati mbaya: mama anayetokwa na damu huhitaji mkunga, dawa na damu ya kuongezewa ndani ya saa chache, na malipo yanayodaiwa mlangoni huzila saa hizo.

Haut-Lomami imeyalipia mapengo hayo kwa namna yake. Mwaka 2017 polio itokanayo na virusi vya chanjo vilivyobadilika, ambayo husambaa pale watoto wengi wanapokosa chanjo, ilizuka mkoani humo. Kisha janga la surua lililomalizika mwaka 2020 likaua zaidi ya watu 7,000 nchini kote, wengi wao watoto. Kongo ilianza kuwazalisha akina mama bila malipo mwezi Septemba 2023, miaka 17 baada ya uamuzi wa Zambia, na ilianzia Kinshasa.