Samaki-chura wa baharini akiwa Nyeri: jinsi ya kumfuga

Ukitaja samaki Nyeri, watu watafikiria tilapia au trauti wa Kiganjo. Kijana wetu mmoja aliyeajiriwa huko ameniuliza kama anaweza kufuga samaki wa baharini sebuleni, na anayemtaka ni samaki-chura. Inawezekana, ila gharama iko kwenye maji zaidi ya kwenye samaki mwenyewe.

Samaki huyu yuko kwenye miamba yetu ya matumbawe, ingawa wengi humpita wakidhani ni jiwe au sifongo. Haogelei sana, hutembea chini kwa mapezi. Juu ya mdomo ana uti mwembamba wenye kinyama nchani, anaoutikisa kama mvuvi atikisavyo chambo. Samaki mdogo akisogea, mdomo hupanuka ghafla na kumvuta ndani pamoja na maji, kwa muda wa milisekunde 6 hivi. Jicho halishiki. Unaona tu walikuwa wawili, sasa yuko mmoja. Humeza hata samaki wa urefu wake, na samaki-chura mwenzake pia. Basi akae peke yake, na anayetaka tangi la samaki wa rangi rangi amsahau huyu.

Maji sasa. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 150, ambalo linamfaa samaki-chura wa aina ndogo, linataka kilo 5 na zaidi kidogo. Wengine hudhani chumvi ya jikoni itatosha, kwa kuwa nayo imetoka baharini, kwenye mashamba yetu ya Gongoni. Haitoshi. Maji yakikaushwa juani, chumvi huganda kwanza na magnesi nyingi hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Inunuliwe chumvi maalumu ya matangi ya baharini, na maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza. Kisha tangi liendeshwe wiki 4 hadi 6 kabla ya kumtia samaki, bakteria wakue na kuweza kugeuza amonia ya kinyesi. Hapa ndipo wenye haraka huua samaki.

Huku pwani hatuna haja ya kufikiria mwinuko, lakini Nyeri iko kama mita 1,750 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa kwenye joto lile lile. Nanyuki ni juu zaidi. Pampu ya hewa ifanye kazi usiku na mchana. Baridi nayo: samaki huyu anataka nyuzi 24 hadi 26, na Julai sebule ya Nyeri haifiki hapo hata mchana. Trauti aliletwa mlimani kutoka Uskoti akiwa mayai, mwaka 1905, akatiwa mto Gura, naye ni mla samaki vilevile. Lakini yeye alikuta maji baridi anayoyapenda. Wetu atategemea hita.

Kulisha si kazi. Mara mbili au tatu kwa wiki, kipande cha kamba mbichi au samaki wa baharini, kikitikiswa mbele yake kwa kibanio kirefu. Mdomo mkubwa usikudanganye ukamshindilia. Na wakati wa kumhamisha, usimtoe nje ya maji kwa wavu: akigugumia hewa hushindwa kuitoa, na anaweza kufa. Mkinge kwa chombo humo humo majini.

Kuhusu kumpata, muulize muuzaji ametoka wapi na kama mvuvi ana leseni. Ndani ya hifadhi za taifa za bahari, kama Malindi, Watamu na Kisite, hairuhusiwi kuvua chochote. Safari ya Mombasa hadi Nyeri ni zaidi ya kilomita 600, naye atakuwa ndani ya mfuko wa maji uliojazwa oksijeni, ndani ya boksi la kuzuia baridi. Asiyekuwa na mtu wa kumpokea na tangi lililokwisha kuwa tayari, asiagize.

Stima ikipotea usiku, pampu ya betri ndiyo itakayomwokoa. Kijana wetu nimemwambia ainunue hiyo kabla ya samaki.