Dar es Salaam, Mtoto wa Mirathi: Jinsi Dola ya Oman na Zanzibar Ilivyoungana na Kuvunjika

Chukua mfano huu. Mtu yeyote aliyekulia Mchikichini anaweza kuumalizia mwenyewe.

Mzee ana nyumba ya ukoo kijijini na fremu moja Kariakoo. Fremu ndiyo inayoingiza hela. Nyumba ndiyo yenye makaburi, heshima na jina. Mzee akiwa hai, hakuna anayeuliza kama fremu inailisha nyumba au nyumba ndiyo inayoimiliki fremu. Mfuko ni mmoja, na ni wake. Siku anafariki, mtoto mkubwa yuko kijijini, mdogo yuko dukani. Wa dukani anakubali kumtumia kaka yake kiasi fulani kila mwaka. Baada ya muda anaacha. Kaka anakuja juu: "Hiyo ni haki yangu, duka ni la ukoo." Mdogo anajibu: "Haki gani? Nilikuwa nakusaidia tu."

Sasa badilisha majina. Nyumba ya ukoo iite Muscat, na fremu iite Unguja. Mzee ni Seyyid Said bin Sultan, kaka ni Thuwaini, mdogo ni Majid. Na mji tunaoishi sisi, huu wa foleni na mwendokasi, ni mmoja wa watoto wa ugomvi ule.

Muungano wa taji ni nini?

Wanahistoria wana namna mbalimbali za kueleza nchi mbili kuwa pamoja. Mojawapo ni muungano wa taji: nchi mbili au tatu, kila moja na watu wake, sheria zake na mila zake, lakini mfalme ni mmoja. Mfano maarufu uko mbali na sisi, kule kaskazini mwa Ulaya. Mwaka 1397, katika mji wa Kalmar, Denmark, Norway na Sweden ziliwekwa chini ya mfalme mmoja. Aliyeusuka mpango huo alikuwa Margrete, mwanamke ambaye kwa ndoa, uzazi na akili nyingi za kisiasa alizikusanya taji zote tatu. Umoja ule uliyumba kwa zaidi ya karne moja, mpaka Wasweden walipojitoa na kumchagua Gustav Vasa kuwa mfalme wao mwaka 1523.

Tuushike mfano huo, tutaurudia. Sasa turudi pwani yetu.

Jinsi Said alivyoziunganisha pande mbili

Waomani hawakuja pwani hii na Said. Walikuwa wamewafukuza Wareno kutoka Mombasa tangu mwaka 1698. Lakini kwa muda mrefu utawala wao huku ulikuwa wa kugusagusa tu: liwali hapa, ngome pale, na koo kama akina Mazrui wa Mombasa wakijiendeshea mambo yao.

Said alishika madaraka Oman akiwa kijana, mwanzoni mwa karne ya 19. Alichokiona haraka ni kwamba hela iko kusini. Pembe za ndovu zilikuwa zinatoka bara. Karafuu zilikuwa zinaanza kushika Unguja na Pemba. Na tuseme wazi bila kuzunguka: karafuu hizo zilipandwa na kuchumwa na watumwa waliotolewa bara, na biashara ya watumwa wenyewe ilikuwa sehemu ya mapato. Utajiri wa Unguja ya Said ulijengwa juu ya migongo ya watu.

Katika miaka ya 1830 Said alianza kuhamishia makao yake Unguja, na mwaka 1837 aliwaangusha akina Mazrui. Alitia saini mikataba ya biashara na Marekani mwaka 1833, Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Ushuru wa bidhaa zinazoingia uliwekwa asilimia 5. Kazi ya kuukusanya alimkodisha mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Shivji: wewe nilipe kiasi tulichokubaliana kila mwaka, utakachokusanya zaidi ni chako. Mtu wa Kariakoo ataelewa hapo hapo, ni mambo ya hesabu ya siku na boda boda.

Lakini jiulize: nini hasa kilikuwa kinaiunganisha Oman na Zanzibar? Hapakuwa na baraza moja la pande mbili. Hapakuwa na hazina ya pamoja yenye sheria zake. Kilichokuwepo ni mtu mmoja, meli zake na upepo. Kaskazi inakuleta Unguja, kusi inakurudisha Arabuni. Kukiwa na fujo Oman, Said anangoja msimu, anapanda meli, anaenda kutuliza. Kukiwa na fujo huku, vivyo hivyo. Alipokuwa upande mmoja, upande wa pili aliuachia mtoto wake: Thuwaini Muscat, na Khalid Unguja.

Kwa hiyo dola hii ilikuwa na nguvu za Said na udhaifu wa Said. Umri wake ulikuwa ndio umri wake.

Kifo baharini

Mwaka 1844 Said aliiandikia serikali ya Uingereza kwamba baada yake Thuwaini atawale upande wa Oman na Khalid upande wa Afrika. Yaani hata mwenyewe alikuwa ameanza kufikiria kugawa. Khalid akafariki mwaka 1854, na nafasi yake ikachukuliwa na ndugu yake Majid. Wakati huo Said alikuwa amekwenda Oman kwa mara ya mwisho.

Oktoba 1856, akirudi Unguja, alifariki melini, karibu na Shelisheli. Hebu ifikirie picha hiyo: mtu aliyekuwa daraja kati ya nchi mbili anakata roho katikati ya bahari inayozitenganisha. Mtoto wake mwingine, Barghash, alikuwa naye safarini. Meli ilipofika Unguja, Barghash alishuka usiku, akamzika baba yake kimya kimya na kujaribu kushika madaraka kabla Majid hajajipanga. Hakufanikiwa. Majid akatangazwa mtawala.

Zawadi au kodi?

Muscat, Thuwaini aliona mambo tofauti. Yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye aliyeketi kwenye kiti cha mababu. Kwa macho yake Zanzibar ilikuwa mali ya Oman. Na Oman bila hela ya Zanzibar ilikuwa na njaa.

Ndugu wakapatana kwanza: Majid atume riale 40,000 za Maria Theresa kila mwaka. Riale hizo ndizo zilizokuwa fedha ya biashara kutoka Bahari ya Shamu mpaka huku kwetu. Lakini hawakukubaliana jambo moja dogo lililobeba kila kitu: malipo yale yanaitwaje? Thuwaini aliyahesabu kuwa kodi, ushahidi kwamba Zanzibar iko chini ya Muscat. Majid aliyahesabu kuwa hisani ya ndugu kwa ndugu. Majid alipoacha kulipa, Thuwaini akatayarisha meli za kivita mwaka 1859 kwenda kuchukua chake.

Hapo ndipo Mwingereza anapoingia. Bahari ya Hindi ilikuwa njia yake ya kwenda na kurudi India, hakutaka ndugu wawili waichafue. Waingereza walimzuia Thuwaini njiani wakamshawishi arudi. Mwaka huohuo Barghash aliasi Unguja akisaidiwa na ukoo wa Harthi, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay.

Kesi ikapelekwa kwa Lord Canning, gavana mkuu wa Uingereza nchini India. Brigedia William Coghlan, aliyekuwa Aden, alipewa kazi ya kuchunguza. Tarehe 2 Aprili 1861 Canning akatoa uamuzi wake. Kwa kifupi: Majid ni mtawala wa Zanzibar na maeneo yake ya Afrika. Atamlipa mtawala wa Muscat riale 40,000 kila mwaka, pamoja na malimbikizo ya miaka miwili, riale 80,000. Na malipo hayo yasieleweke kuwa Zanzibar iko chini ya Muscat. Ni ya kusawazisha urithi usiolingana.

Umeona alichofanya? Thuwaini alipewa hela akanyang'anywa madai. Majid alipewa uhuru akatozwa bei yake. Kila ndugu aliondoka na nusu ya alichokitaka, na mwamuzi akaondoka na kitu kikubwa zaidi: sasa wote wawili walimhitaji yeye. Mwaka 1862 Uingereza na Ufaransa zikatangaza kwamba zitaheshimu uhuru wa watawala wote wawili. Tangazo hilo lilikuwa na ladha ya heshima, lakini pia lilisema bila kusema: wa kuamua mambo haya ni sisi.

Huyo mzee wa mtaa aliyekuja kuwasuluhisha ndugu, msomaji, akaanza kukaa dukani.

Turudi kaskazini kidogo

Niliahidi tutarudi Ulaya. Mwaka 1814, baada ya vita vya Napoleon, Norway ilitolewa kwa Denmark ikaunganishwa na Sweden, mfalme mmoja, bunge kila mtu na lake. Muungano huo ulidumu hadi 1905. Kilichouvunja kwa nje kinaonekana kidogo mno: Wanorway, wenye meli nyingi baharini, walitaka makonsuli wao wenyewe katika bandari za dunia. Mfalme akakataa. Juni 1905 bunge lao likatangaza kwamba muungano umekwisha, na Agosti wananchi wakapiga kura: 368,208 waliunga mkono kuvunja, 184 tu walikataa. Hakuna vita iliyopiganwa.

Riale 40,000 kule, makonsuli huku. Lakini swali lililo chini ni lilelile: je, sisi ni sawa, au mmoja ni wa mwenzake? Mfalme akiwa mmoja na ana nguvu, swali hilo linaweza kulala miaka. Siku linapoamka, linaamkia kwenye kitu kidogo chenye bei.

Tofauti ipo, na ni kubwa. Wanorway walikuwa na bunge na kura, wakajiamulia wenyewe. Zanzibar na Oman mgogoro ulikuwa wa watoto wa baba mmoja, na uamuzi ukatoka India. Watu wa Unguja, Pemba, Kilwa na Mombasa, achilia mbali watumwa wa mashambani, hakuna aliyewapa karatasi ya kupigia kura.

Majid anavuka mlango wa bahari

Sasa Majid ana nchi yake, lakini Unguja imejaa makonsuli, wadai na jamaa wasiomtakia mema. Katikati ya miaka ya 1860 akavuka hadi kwenye bandari tulivu karibu na kijiji cha Mzizima, akaanza kujenga mji akauita Dar es Salaam. Alitaka kituo bara, karibu na njia za misafara ya pembe, mahali pake mwenyewe.

Ukitaka kukiona kilichobaki, fuata Uhuru kutoka Mchikichini, pita Mnazi Mmoja, shuka mpaka Sokoine Drive. Jengo la Boma la Kale lililo pale ni la zama za Majid.

Majid alifariki mwaka 1870. Barghash, aliyekuwa amerudi kutoka uhamishoni, akashika kiti, na mji wa kaka yake akauacha udorore. Thuwaini naye alikuwa ameuawa na mwanawe Salim mwaka 1866. Mwaka 1873 Barghash alilazimika kusaini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na zile riale za Muscat zikawa zinalipwa na serikali ya Waingereza ya India. Anayelipa ndiye mwenye sauti. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa himaya ya Uingereza, pwani ya bara ikauzwa kwa Wajerumani kwa maraka milioni 4, na mwaka 1891 Wajerumani wakaifanya Dar es Salaam makao yao makuu.

Tunabaki na nini?

Najua unachofikiria: na wetu? Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ni wa aina nyingine. Hati zake zilisainiwa na Nyerere na Karume tarehe 22 Aprili 1964, zikiwa na mambo ya muungano yaliyoorodheshwa. Karume aliuawa mwaka 1972, Nyerere akafariki mwaka 1999, na muungano haukuzikwa na yeyote kati yao. Hiyo si kazi ndogo. Ule wa Said haukuvuka hata miaka mitano baada yake.

Lakini maandishi peke yake hayamalizi swali la nyumba na fremu. Nani anachangia kiasi gani, na mchango huo unaitwaje? Ndiyo maana tunazo hadi leo "kero za muungano", na kuzizungumza si uchochezi. Majid na Thuwaini walipatana kiasi cha hela kabla ya kupatana maana yake, na aliyekuja kuwaandikia maana hiyo alikuwa mgeni.

Kwa hiyo kama mzee wenu ana fremu Kariakoo na nyumba kijijini, kaeni naye mapema. Mwulizeni angali hai.