Kuhudumia wazee Marekani: pale simu inapohesabu dakika zako

Baadhi ya ndugu waliotoka Nyarugusu, Kakuma au Nakivale na kuhamishiwa Marekani wamepata kazi ya kuhudumia wazee na watu wenye ulemavu majumbani kwao. Unamwogesha mtu, unampikia, unamvalisha, unamkumbusha dawa. Kazi yenyewe haikupi taabu. Pengine ulimtunza bibi yako hivyo hivyo. Kinachowachanganya wengi ni simu. Ukifika kwa mzee, lazima uiarifu kwamba umeingia. Ukiondoka, uiarifu kwamba umetoka. Ukisahau, malipo yako yanaweza kuchelewa.

Makala haya ni kwa ajili yako unayefanya kazi hiyo, na pia kwa familia iliyobaki kambini inayosikia "pesa ya wiki hii haijaingia" na kudhani ni kisingizio.

Kwa nini unapimwa?

Mwezi Desemba 2016 Marekani ilipitisha sheria inayoyataka majimbo kuthibitisha kwa njia ya kielektroniki ziara za wahudumu wanaolipwa kwa fedha za Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini. Mfumo huo huitwa kwa kifupi EVV. Lengo mojawapo ni kuzuia madai ya malipo kwa ziara ambazo hazikufanyika. Kwa kawaida wahudumu wa majumbani wanaolipwa kwa fedha hizo hupitia mfumo huo, wawe wakimbizi au la, kwa hiyo usidhani umewekewa wewe kwa sababu ni mkimbizi.

Sheria inataka mambo sita: aina ya huduma, aliyehudumiwa, aliyehudumu, tarehe, mahali, na saa ya kuanza na kumaliza. Kwingine unatumia programu ya simu inayosoma mahali ulipo, kwingine unapiga kwa simu ya mezani ya mteja. Sheria haidai ufuatiliwe siku nzima. Ikiwa programu iko kwenye simu yako mwenyewe, muulize mwajiri inasoma mahali ulipo wakati gani, na kama unaruhusiwa kuizima baada ya zamu.

Muda umeisha, mzee hajamaliza kula

Hapa ndipo moyo unapopata shida. Tuseme umepangiwa saa mbili hadi saa nne asubuhi. Saa nne kasoro dakika tano mzee anajichafua, au anaanza kulia na kukushika mkono. Kwetu huwezi kumwacha mzee katika hali hiyo, na wahudumu wengi hubonyeza "kutoka" kisha wanaendelea kufanya kazi bure.

Usifanye hivyo. Kwenye rekodi utaonekana umeshaondoka. Ukiumia mgongo wakati unamwinua, au yeye akianguka, utapata shida kueleza ulikuwa unafanya nini pale. Badala yake piga simu ofisini kabla ya muda kuisha, eleza kilichotokea, omba kuongezewa muda, na uandike jina la aliyekujibu. Jambo hili likijirudia kila wiki, sema wazi kwamba saa alizopangiwa mteja hazitoshi. Mpango wa huduma unaweza kuombewa tathmini upya, ila ofisi haitajua kama unaficha dakika zako.

Usimbonyezee mwenzako

Rafiki amechelewa basi, anakuomba umwingizie saa kwa namba yake ya siri. Kwenye macho yetu huo ni msaada. Kwenye sheria ya huko ni kudai fedha za serikali kwa kazi ambayo haikufanyika, na anayeshiriki anaweza kushtakiwa. Kwa mtu ambaye bado hajapata uraia, kesi ya udanganyifu inaweza kugusa hata hati zake za kuishi nchini. Kumkatalia rafiki ni vigumu, tunajua. Mwambie apige simu ofisini aseme amechelewa.

Daftari

Mtandao ukikatika au simu ikizimika, toa taarifa siku hiyo hiyo. Mifumo hii ina njia ya kurekebisha rekodi, lakini ni rahisi kurekebisha ziara ya leo kuliko ya mwezi uliopita. Kuwa na daftari dogo: tarehe, mteja kwa herufi za mwanzo tu, saa ya kuingia na ya kutoka. Andika saa kama simu inavyoonyesha. Saa mbili asubuhi yetu ni 8:00 kwao, na daftari lenye saa za Kiswahili litamchanganya afisa anayetaka kukusaidia. Kila ukipokea mshahara, linganisha.

Angalia pia muda wa safari kutoka nyumba ya mteja mmoja hadi mwingine. Kanuni ya serikali kuu iliyoanza kutumika 2015 iliwapa wahudumu walioajiriwa na kampuni haki ya kulipwa muda huo. Mwaka 2025 Wizara ya Kazi ilipendekeza kanuni hiyo iondolewe, na majimbo mengine yana sheria zake, kwa hiyo uliza hali ilivyo sasa mahali unapoishi. Safari ya kutoka kwako kwenda kwa mteja wa kwanza kwa kawaida haihesabiwi.

Ukiona saa zako zimekatwa na ofisi haikusikilizi, piga 1-866-487-9243, namba ya idara ya mishahara ya Wizara ya Kazi. Ni bure ukiwa Marekani, na mazungumzo ni ya siri. Anayepokea akianza kwa Kiingereza, mwambie tu "Swahili" na usubiri mkalimani, daftari likiwa mkononi.